Vyura wa Kinu Kilichozama

Watu wa mtaani kwetu wakimtaja Kogure Teruo husema alikuwa mpole. Neno hilo silipendi. Mpole ni paka aliyeshiba. Kogure alikuwa mtu anayejaza kitu ndani yake kidogo kidogo, na alijua vizuri anachokifanya, maana kazi hiyohiyo aliifanya kwenye gemu, dukani kwangu, mbele ya macho yangu, na kanuni zake akanieleza mwenyewe.

Mimi ni Yasue. Duka langu liko kichochoroni nyuma ya stesheni ya mji wetu wa Kiryu, katikati ya viwanda vya zamani vya kufuma vyenye mapaa ya meno ya msumeno. Marehemu mume wangu aliuza nyuzi. Nyuzi zilipokosa wanunuzi nikageukia gemu zilizotumika: nanunua kwa aliyezichoka, nawauzia ambao hawajazichoka. Pembeni nimeweka televisheni ya kujaribia, jiko la mafuta ya taa na benchi. Benchi nililiweka kwa ajili ya watoto wa shule, lakini miaka ile makampuni yalipoanza kupukutisha watu, watoto walikuta limekaliwa na wanaume wazima waliovaa tai.

Kogure alikuwa mume wa Mineko, mwenzangu tangu tukiwa wasichana tunafuma kwa mashine mbili zinazotazamana, kwa hiyo nilimwita shemeji. Alikuwa mtu wa kampuni moja ya vipuri vya cherehani kule kando ya mto, na alikuwa hapo tangu alipomaliza shule. Alianza kuja dukani majira ya vuli, kila siku saa kumi na moja na ushei. Nilishangaa. Kwetu mtu mwenye cheo chake hatoki ofisini kabla ya mkubwa wake, hata kama kazi imekwisha na anachora maua tu kwenye karatasi. Nikamuuliza vipi anatoka mapema hivyo. Akasema hana kazi, kwa hiyo hana cha kuchelewea.

Mambo mengine nilikuja kuyajua kwa Mineko. Kwetu kampuni haimfukuzi mtu, inamngoja achoke. Walimtoa Kogure kwenye meza yake wakampeleka chumba kilichokuwa stoo ya maboksi, wakampa kiti na meza inayotazama ukuta, simu hakuna. Kazi yake ikawa kunakili kanuni za kampuni kwa mkono, kisha kesho yake kuzinakili tena. Na kila asubuhi, idara nzima ikijipanga kwa salamu, aliitwa mbele aseme kwa sauti kasoro zake za jana. Aliyekuwa akimwita ni Shimoda, mkuu wa idara, mtu mdogo kwake kwa miaka mingi, na ambaye Kogure ndiye aliyemfundisha kazi alipoajiriwa. Akisema kwa sauti ndogo, Shimoda humwambia arudie. Wenzake husimama wakitazama viatu vyao.

Mtu mwingine angeandika barua ya kuacha kazi, na hicho ndicho walichokitaka. Kogure hakuandika. Alikuwa na binti mmoja tu, Chisato, na Chisato alikuwa amechumbiwa na Junichi, kijana wa kampuni hiyohiyo, idara hiyohiyo. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa tatu. Baba wa bibi harusi hatajwi ukumbini kuwa mtu asiye na pa kwenda asubuhi. Kwa hiyo Kogure aliamua kusimama palepale alipo, wampige mpaka siku ile.

Sasa nieleze gemu, maana bila gemu huyu mtu hamtamwelewa. Lilikuwa lile la mashujaa wanne wanaozunguka nchi wakipigana na mazimwi. Kila shujaa ana mistari miwili chini ya jina lake. Wa kijani ni uhai. Mwekundu ni hasira, na huo haujai kwa kupiga, unajaa kwa kupigwa. Ukijaa, shujaa anapata pigo kuu ambalo hakuna zimwi linaloweza kulikinga. Usipolitumia, pigo linapanda daraja, mstari unaanza upya, na safari hii unajaa polepole zaidi. Madaraja yako saba. La saba hakuna mtu mjini kwetu aliyekuwa amelifikia, na wengine walisema halipo, ni uongo wa watengenezaji.

Benchi langu lilikuwa na ubishi mmoja tu majira yale yote: ni wapi pazuri pa kujazia. Vijana walisema kwenye kivuko kiitwacho Daraja la Mifupa, kwa kuwa pale unapigwa vizuri. Wengine walitaja shimo la moto. Kogure aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba wote wanakwenda kufa. Pale darajani, alisema, mstari unajaa haraka lakini shujaa anaanguka, na shujaa akianguka mstari wote unafutika, na madaraja yote pamoja nao, anaamka mtupu. Anayetaka kufika mbali asitafute adui anayeumiza. Atafute adui anayeuma kidogo, tena wengi, tena wasiochoka.

Akatuonyesha pa kwake. Palikuwa bondeni, kwenye kinu cha maji kilichozama nusu, mahali ambapo kila mchezaji hupita mbio kwa kuwa hapana hazina yoyote. Chini ya gurudumu lililooza walikaa vyura wa matope. Kila mmoja alipiga kofi dogo, akarudi nyuma, akamwachia mwenzake. Hawana sumu, hawana kiongozi. Shujaa wake alisimama katikati yao ameinamisha kichwa, na kidoleni alikuwa na pete inayomrudishia tone la uhai kila baada ya muda, linalotosha kumzuia asianguke.

"Shemeji," nikamwambia, "na upanga wote huo, vyura hawa si ungewafagia mara moja?"

"Nikiwafagia wataisha. Nani atanipiga?"

"Na yule wa nyuma mwenye nguo nyeupe? Mbona kasimama tu?"

"Yule ni mganga. Anaweza kuponya, lakini nimempa amri angoje."

Nikasogea kusoma majina. Wa mbele aliitwa Teruo. Mganga aliitwa Mineko.

"Makubwa haya," nikasema. "Mke wako mwenyewe umemfunga mikono?"

"Akiniponya, mstari unakwenda kwa kujikokota. Mtu mzima wa afya hakasiriki haraka, Yasue. Ndivyo walivyolitengeneza."

Waliokuwa benchini wakacheka, mmoja akasema na yeye angependa kupata amri hiyo ya kumnyamazisha wake nyumbani. Mimi pia nilicheka. Kogure hakucheka, wala hakuondoa macho kwenye kioo.

Baridi ilipoingia alinunua mashine kwangu, ya zamani, pamoja na gemu lile, akaenda navyo nyumbani. Baada ya hapo akawa anapita dukani kunisalimia tu, anasimama mlangoni akipumua, mkono wa kulia ukisugua bega la kushoto. Nilimuuliza bega lina nini. Akasema ni vyura.

Kisha akaja Mineko. Alikuja mchana, hakuvua hata skafu, akaniuliza kama mashine ya gemu inaweza kushika moto. Nikamwambia ikiachwa muda mrefu hupata joto kali, lakini moto sijausikia. Akaniomba niende nikaitazame.

Sebule yao ndogo naijua kama yangu. Meza yenye hita na blanketi lake, sanduku la machungwa, madhabahu ya wazazi wa Kogure kwenye kona. Televisheni ilikuwa imewashwa. Mashine ilikuwa imelazwa chali, tumbo juu, wanavyofanya wanaoogopa joto, na kwenye pedi ya kuchezea palikuwa na mpira wa kufungia bahasha umezungushwa ukikandamiza kitufe kimoja, kile cha kupitisha zamu bila kupiga. Shujaa alikuwa kinuni katikati ya vyura wake, mganga amesimama nyuma. Paf. Paf. Paf. Hakuna mtu aliyekuwa akicheza.

Mineko alinieleza kwamba mumewe anaufunga mpira huo asubuhi kabla ya kutoka, na anamkataza asiguse. Jioni akirudi anakaa chini na kutazama mstari umesogea kiasi gani, kisha ndipo anavua koti. Kutwa nzima Mineko anapika, anafua, anakunja nguo, na sauti ile haikomi.

"Saa ile ile anayosimamishwa kule," akaniambia, "na huyu anapigwa hapa. Yasue, mimi naona kama nakaa na mume wangu akipigwa mbele yangu, na nimekatazwa kuinuka."

Nikamshauri azime, amwambie umeme ulikatika. Akachukua rimoti na kugeuza televisheni kwenye taarifa ya habari. Akaniambia nitazame vizuri. Nyuma ya uso wa msomaji wa habari, kwenye kioo chenyewe, nilimwona yule shujaa. Picha yake ilikuwa imeunguza kioo kwa kukaa muda mrefu mahali pamoja, kivuli chembamba chenye kichwa kilichoinama, na chini yake mistari miwili. Mineko akaizima televisheni kabisa. Kivuli kikabaki.

Niseme kweli, nilitoka mle ndani nikiwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa kuhusu harusi.

Maana kwetu mshenga huwa mkubwa wa kazini wa bwana harusi. Junichi alikuwa chini ya Shimoda. Kwa hiyo Shimoda na mkewe ndio watakaokaa meza ya mbele, huyu kulia, yule kushoto, na maharusi katikati, na Shimoda ndiye atakayesimama kusifu ukoo wa bibi harusi. Wazazi wanakaa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wanakopitia wahudumu, kama heshima inavyotaka. Na kwa kuwa baba yake Junichi alikuwa ameshafariki, neno la shukrani la kufunga sherehe, lile linalosemwa kwa kipaza sauti mbele ya wote, lingekuwa la Kogure.

Hata tarehe Shimoda aliichagua yeye. Alisema ana siku moja tu ya nafasi, na siku hiyo kwenye kalenda ilikuwa ile ambayo hata mtu asiyeamini kitu hafungi ndoa, siku ya nuksi, ambayo kumbi hukaa tupu. Mineko alilia. Mama yake Junichi alipiga simu mara mbili. Shimoda akajibu kwamba mambo hayo ni ya vizee. Kogure alisikia yote, akainama, akamshukuru Bwana Shimoda kwa kutenga muda wake. Nadhani jioni ile mstari ulisogea sana.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe alikuja dukani. Upepo mkavu wa mlima Akagi ulikuwa unavuma, vumbi limejaa kichochoroni, na akaingia akiwa mweupe kama unga. Alikaa benchini, akakataa chai.

"Limefunguka," akasema.

"Nini?"

"La saba. Na mstari umejaa tena juu yake."

Waliokuwapo wakataka kwenda kwake kuliona. Akawaambia hakuna cha kuona, kwa kuwa hajalitumia. Pigo hilo linatumika mara moja tu.

"Sasa utampiga nani?" nikamuuliza.

"Atakayekuwa mbele yangu."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja kituo atakachoshukia. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaenda zake. Kijana mmoja akanong'ona kwamba mzee yule ana hasira mpaka miguu inatetemeka. Sote tukakubali kuwa ni hasira.

Usiku wa kuamkia harusi Mineko alinipigia simu. Alisema mumewe anafanya mazoezi ya hotuba chooni amefunga mlango, na kwamba alisikia jina la Shimoda likitajwa, tena na tena. Alisema Junichi bado yuko mkononi mwa mtu yule. Neno moja tu baya kwenye kipaza sauti, na kesho yake Junichi ndiye atakayepelekwa stoo ya maboksi, au ndoa yenyewe itavunjika hata kabla wageni hawajatoka ukumbini, maana mama yake hajakubaliana na tarehe ile mpaka leo. Chisato atarudishwa nyumbani na kimono chake.

"Utakaa karibu na mlango, sehemu ya marafiki," akaniambia. "Waya wa kipaza sauti unapita hapo. Akianza, Yasue, uvute."

"Nimvutie waya mumeo mbele ya watu?"

"Ndiyo. Nitakuomba radhi maisha yangu yote. Vuta."

Nikakubali.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, na siku ile hapakuwa na harusi nyingine hata moja. Korido zote kimya, zulia jekundu linakwenda mbali bila mtu. Wahudumu walitabasamu kupita kiasi. Chisato alikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa nimemlea mgongoni. Shimoda alisimama na kutoa hotuba ya mshenga. Alisema baba wa bibi harusi ni nguzo ya kampuni, mtu anayefanya kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya. Wale wa kampuni wakatazama sahani zao. Nilitaka kumrushia bakuli la supu.

Kisha ukafika wakati wa wazazi kuzunguka wakimimina vinywaji. Kogure akaanza meza za mbali, chupa mikononi, anainama kwa kila mtu, anaambiwa hongera, anashukuru. Alichelewa sana kwenye meza zile. Alipofika mbele kwa Shimoda alipiga goti kidogo na kummiminia bia, na chupa ikagonga ukingo wa glasi kwa kutetemeka, mfululizo. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya sikio hadi kwenye kola. Mineko, kule nyuma, alinikazia macho. Nikauvuta waya kwa kidole cha mguu mpaka chini ya kiti changu.

Chisato akasoma barua yake kwa wazazi, kama maharusi wanavyofanya, na watu wakatoa leso. Taa zikawashwa. Wazazi wakapangwa mstari mbele ya mlango, hatua chache kutoka nilipo, na Kogure akapewa kipaza sauti.

Alikishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulining'inia tu. Macho yangu hayakutoka kwenye midomo yake.

Alisema yale yanayosemwa: mvua au upepo, mmetembea mbali, meza zetu ni duni, mtusamehe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akageuka, akamtazama Shimoda moja kwa moja kupita meza zote, na nikaushika waya kwa mkono.

"Bwana Shimoda," akasema. "Kila asubuhi umenisimamisha mbele ya watu niseme. Ndiyo maana leo kipaza sauti hakinitishi."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa baba. Wale wa kampuni hawakucheka. Shimoda alikuwa ameganda, glasi imefika nusu ya njia. Nilisikia Mineko akivuta pumzi. Vidole vyangu vilikuwa vimekaza waya kiasi kwamba alama yake ilikaa siku mbili. Kogure akafungua mdomo, kisha akamtazama Chisato, akaufunga. Naamini kabisa alikuwa nalo palepale ulimini, pigo lote la miezi ile, na hakuna ambaye angelikinga.

"Hawa wawili wako chini yako," akasema. "Niliyopokea mimi yanatosha nyumba nzima. Nakuomba yaishie kwangu."

Akainama. Sijawahi kuona mtu akiinama chini vile, kichwa kimefika usawa wa mapaja, mikono imeshuka kwenye mishono ya suruali, kipaza sauti bado kimo mkononi. Ukumbi mzima ukainama naye. Shimoda akainuka na kuinama pia, asingeweza kufanya vingine. Nikauachia waya. Kwa furaha nikajisemea, ameweza, mwanaume huyu ameweza, harusi imepona.

Tukangoja ainuke.

Watu wakaanza kuinua vichwa, mmoja mmoja, wakamwona bado yuko chini, wakainama tena kwa aibu. Mineko alikuwa akitabasamu huku akilia. Kisha kipaza sauti kikaanguka zuliani na kutoa mlio, na Kogure akakifuata, uso mbele, bila kutanguliza mkono.

Daktari aliuambia ukoo kwamba moyo ulikuwa umetoa dalili kwa miezi mingi. Bega, pumzi, rangi ya ngozi, mtetemo wa mikono. Aliuliza, kwa adabu, kama hakuna mtu wa nyumbani aliyeona. Tuliona sote. Benchi langu zima liliona. Tulikuwa tunautazama mstari mwekundu, tukihofia utamlipukia nani, na hakuna aliyeteremsha macho kutazama wa kijani. Wapo wanaotaka nijilaumu, kwa kuwa mashine ilitoka dukani kwangu. Watangoja sana. Mwenye lawama yake namjua, na alikuja mazishini na bahasha ya rambirambi iliyofungwa uzi mweusi na mweupe, akafukiza ubani, akamwambia mjane kuwa marehemu alikuwa mvumilivu. Mineko akainama kumshukuru. Mimi niligeuka ukutani.

Ndoa ilisimama. Junichi hakupelekwa stoo. Wanasema Shimoda hamwiti mtu tena mbele asubuhi, lakini chumba kile bado kipo, na kiti kimo.

Ilipokwisha siku ya arobaini na tisa, ambayo kwetu ndiyo mwisho wa msiba, mifupa iliyobaki baada ya mwili kuchomwa ilipokwisha kuzikwa na wageni kutawanyika, Mineko aliniita nyumbani. Nilipoingia sebuleni niliisikia sauti kabla ya kuona kitu. Paf. Paf. Paf. Kogure alikuwa ameufunga mpira asubuhi ya harusi kabla ya kuvaa suti, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuufungua. Wageni wa msiba walikaa, wakala, wakasali na kuondoka, televisheni ikiwa imefunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa yule mtu akiendelea kupigwa.

Mineko aliondoa kitambaa. Teruo alikuwa amesimama kinuni, kichwa chini. Mstari mwekundu umejaa hadi ukingoni, unametameta. Wa kijani ulikuwa uzi tu.

"Huyo wa nyuma ni mimi?" akaniuliza.

"Ni wewe."

"Nionyeshe nibonyeze wapi."

Nikatoa ule mpira, nikamwekea pedi mikononi, nikamwongoza kidole. Alibonyeza vibaya mara ya kwanza, vyura wakapiga, akashtuka na kunishika mkono. Mara ya pili mwanamke wa nguo nyeupe akatoka nyuma, akapiga hatua mbili, akainua mikono. Mstari wa kijani ukaenda, ukaenda, mpaka mwisho. Shujaa akanyanyua kichwa. Tulikuwa hatujawahi kuuona uso wake.

Mineko alikitazama kile kitufe chini ya kidole chake.

"Kilikuwa hapa siku zote?"

Nikamwambia kilikuwapo.